Dakika Ishirini Kabla ya Kuoga

Washarika, leo nina mfano ambao umeninyima utulivu tangu Jumatano, kwa hiyo mnivumilie nikipaza sauti. Kulikuwa na dada mmoja mwanamichezo, na mchezo wake haukuwa mmoja, ulikuwa mitatu kwa mpigo. Unaingia ziwani unaogelea kilomita moja na nusu. Unatoka maji yanakuchuruzika, unarukia baiskeli, kilomita arobaini. Unaiacha baiskeli, unakimbia kumi. Na hapo katikati hakuna chai. Wenyewe wanaiita triathloni. Mimi naiita kujitakia makubwa, lakini watu hao nawapenda, nawapenda kweli kweli.

Dada huyu alikuwa na miaka thelathini na sita. Kila mwaka wanawake watatu wa kwanza walichaguliwa kwenda kuiwakilisha nchi. Mwaka juzi alikuwa wa nne. Mwaka jana, wa nne. Mwaka huu akajiambia kwamba anajaribu kwa mara ya mwisho, na akafanya mazoezi kama mtu anayefukuzwa. Alfajiri yuko majini, jioni yuko barabarani. Hata Jumapili alitoka ibadani kabla ya matangazo ili awahi baiskeli. Mnacheka nini? Wengine hapa mnatoka kabla ya matangazo na hata baiskeli hamna.

Sasa kocha wake alikuwa fundi bomba. Uani kwake alikuwa na vyuma vya mazoezi alivyotengeneza mwenyewe: makopo ya rangi yaliyojazwa zege, mawili mawili, yameunganishwa kwa bomba la maji. Alikuwa ameona kwamba huyu dada akichoka magoti yanaanza kugongana, na akamwambia kinachokosekana ni nguvu. Akampangia vizuri tu. Jumanne na Ijumaa, siku zake ngumu, akimaliza kukimbia apite uani, aweke chuma begani, achuchumae na kuinuka, dakika ishirini, ndipo aende kuoga. Zile siku za kupumzika asiziguse.

Dada akamwangalia. "Kocha, wiki yangu imejaa pomoni. Na kwani siku ya mashindano kuna mtu anabeba zege?"

"Hakuna," kocha akasema. "Lakini hiyo miguu yako itakubeba wewe."

Dada akaahidi kwamba akipata nafasi atakuja. Wapendwa, nani kati yetu hajawahi kusema neno hilo? Nikipata nafasi. Nafasi gani? Nafasi haiokotwi njiani, hutengwa.

Kulikuwa na mwanamke mwingine kwa kocha huyo huyo, mama wa watoto wanne. Huyu alikuwa mzito majini, mzito kwenye baiskeli, na mbio zake za kawaida tu. Lakini kila Jumanne na Ijumaa alipita uani na jasho lake, akabeba zege, akaenda zake kuoga. Wiki kumi na mbili. Hakuna aliyempigia makofi.

Zikabaki siku mbili kabla ya mashindano. Alhamisi, dada yetu akahesabu vipindi alivyovikosa: ishirini na vinne. Unajua alifanya nini? Alikwenda uani wakati kocha yuko kazini anaziba bomba la watu, akabeba zege kwa saa nane mfululizo. Alichuchumaa mpaka makopo yakaanza kumcheka. Akatoka pale anatabasamu, anajiambia kwamba sasa amemaliza yote.

Jumamosi asubuhi, akina mama mnisamehe, alishindwa kuchuchumaa chooni. Mapaja yamekuwa kama mbao. Lakini angerudi nyumbani vipi, baada ya miaka mitatu? Akaingia majini, na majini alipeta, alitoka wa kwanza. Kwenye baiskeli akauma meno, akashuka wa pili. Akaanza kukimbia, akawa wa tatu, na wa tatu anachaguliwa! Kilomita saba, wa tatu. Kilomita tisa, wa tatu. Ukabaki mteremko mmoja tu, na utepe unaonekana kule chini, watu wanapiga vigelegele.

Ni mteremko ndio uliommaliza. Goti likikunjika, linakataa kumshika. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Mwishowe akageuka, akaanza kuteremka kinyumenyume, maana hivyo tu ndivyo miguu ilivyokubali. Na mtu anayeteremka kinyumenyume anaona wanaokuja nyuma yake. Akamwona yule mama wa watoto wanne anakuja, polepole, magoti hayagongani. Wakatazamana usoni. Yule mama akapita.

Wa nne.

Kocha akamkuta amekaa chini kando ya barabara. Dada akasema, "Kocha, nilifanya. Vipindi vyote nilivifanya."

Kocha akachuchumaa mbele yake. "Ulivifanya, dada yangu. Ulivifanya vyote siku moja."

Ndugu zangu, katika michezo ile mitatu yule mama hakuwahi kumshinda hata mmoja. Alimshinda kwa ule wa nne, ambao haumo kwenye mashindano.

Sisi nasi tuna mitatu yetu. Tuna riziki, tuna nyumba, tuna huduma hapa kanisani. Mzee wangu wa kanisa, nakuona unataka kuniuliza: kwani huduma siyo maombi? Siyo. Kwaya siyo goti. Kikao cha kamati siyo goti. Na mimi niwaambie ukweli, juma lililopita nilihubiri mara tano, nikazika mara mbili, nikakaa vikao vitatu, na nilipoulizwa Jumatano na mke wangu mara ya mwisho niliomba lini bila kuwa na watu mbele yangu, nilianza kumtajia vikao. Ndiyo maana sina utulivu.

Tunangoja nini? Tunangoja majibu ya daktari. Tunangoja barua ya kupunguzwa kazini. Ndipo tunafunga siku saba, mkesha juu ya mkesha, tunabeba zege la miaka kumi kwa usiku mmoja. Mungu anasikia, sisemi hasikii. Ni magoti yetu ndiyo hayajazoea, na mteremko haumngoji mtu azoee.

Siwaambii muache kazi, wala muache watoto. Mwenyewe chagua siku zako mbili, zile zile ngumu, upige goti ukiwa umechoka, kabla hujaoga. Na leo sitasema tusimame tuombe. Mwenye goti alipige hapo hapo alipo. Katibu, weka chini karatasi ya matangazo, na atakayetoka kabla hayajasomwa, leo hatachekwa na mtu. Dakika ishirini.