Maji Yaliyolala Ndani ya Bomba

Ndugu zangu, kuna mgodi mmoja wa makaa ya mawe unaochimbwa kwa kufukua mlima kutoka juu. Wanaondoa udongo na mawe mpaka makaa yaonekane. Sasa jiulizeni, yale yaliyoondolewa yanakwenda wapi? Yanarundikwa pembeni, kifusi kama kilima kingine. Na mawe mengine ya kifusi hicho yakinyeshewa mvua hutoa maji makali, machachu, yanayozama ardhini. Ndiyo maana pale kandokando walichimba visima vyembamba vyenye bomba, wapate kujua kama ubaya ule umeanza kuelekea kwa watu.

Mpimaji alikuwa mzee mmoja, Kinunda. Miaka minne, kila mwezi, aliteremsha kopo kwa kamba, akachota, akapima, akaandika: safi. Hakuwa mwongo. Watu wa kijiji cha bondeni walikunywa maji ya kisima chao bila wasiwasi kwa sababu ya neno lake.

Akaongezewa mwenzake, mama mmoja wa kijiji kilekile, Skolastika. Huyu mama alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Alipofungua daftari akashangaa.

"Mzee Kinunda, mbona vipimo vya masika na vya kiangazi ni vilevile?"

"Kwa sababu maji ni mazuri, mama."

"Hata kisima chetu kizuri, masika hubadilika. Haya maji hayajui kama mvua imenyesha?"

Mzee akacheka. Mama hakucheka. Akachungulia ndani ya bomba, akauliza, "Tukiyatoa haya yote, yatakuja yapi?"

Ninyi mngejibuje? Basi wakaleta pampu, wakavuta maji na kuyamwaga. Mwanzoni yalikuwa meupe. Baada ya nusu saa yakaja mengine, rangi ya chai ya rangi, yananuka chuma. Wakapima.

"Rudia," mzee akasema.

Wakarudia mara tatu. Mzee Kinunda akakaa chini palepale kwenye tope.

"Lakini mimi nilipima kweli."

"Ulipima kweli, mzee. Ulipima maji yaliyolala ndani ya bomba. Ya ardhini hukuwahi kuyafikia."

Angeweza kunyamaza yule mzee. Daftari lilikuwa lake. Badala yake alimwachia Skolastika kazi ya kuwaambia wakubwa wa mgodi, yeye akateremka bondeni kwa miguu. Akawakuta akina mama wanateka maji kisimani.

"Jamani, mwageni hayo. Mimi ndiye niliyesema ni safi."

Mmoja akatua ndoo yake. "Yameharibika tangu lini, baba?"

"Sijui, mama yangu. Hilo ndilo linaloniumiza. Sijui."

Mgodi ukaleta maji kwa magari. Mawe yale machachu yakarudishwa shimoni na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Lakini kisima cha bondeni mpaka leo hakinyweki.

Sasa, ndugu zangu, tusimcheke Kinunda. Sisi tunaulizana kila siku: habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Tunaandika "safi," tunaondoka. Neno lile la kwanza mtu amekaa nalo mdomoni siku zote. Halijui kama kwake kumenyesha.

Nami sijitoi. Baba mmoja wa kanisa hili nilimshika mkono pale mlangoni Jumapili kumi na moja. "Salama, mchungaji," aliniambia, zote kumi na moja. Mkewe alikuwa ameondoka nyumbani tangu wiki ya Pasaka. Mimi niliuliza kweli, ila sikuwahi kuuliza mara ya pili.

Leo tukitoka hapa, uliza. Ukijibiwa "nzuri," usigeuke. Simama hapohapo, mwangalie usoni, umuulize tena. Na akianza kusema jambo ambalo hukutaka kulisikia, ndugu yangu, usiangalie saa.