Kisoda Kwenye Kibanda cha Gunia

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Wenye masikio mafupi?"

"Tumeyarefusha!"

"Na wenye usingizi?"

"Wamebaki kwao!"

Haya basi, sogeeni. Hapo kale palikuwa na sungura jike, jina lake Gunia. Jina lilimfaa. Alikuwa na miezi mitano tu, lakini tumbo lilitangulia kufika, mwenyewe akafuata. Alifugwa na Bi Mwantumu, mama mmoja mpole anayependa wageni kupita kiasi. Gunia aliishi peke yake kwenye kibanda cha mbao chenye waya wa kuku, na kila kitu alikiita chake. Akiletewa mchicha: "Wangu!" Akiletewa maji: "Yangu!" Kuku akijipitia mbali huko na shughuli zake: "Uwanja wangu!" Halafu anapiga mguu wa nyuma chini, du! du! du!

Jumamosi moja Bi Mwantumu akarudi sokoni na kapu. Ndani yake mlikuwa na sungura mwingine, jike pia, wa miezi mitatu, mdogo hata ukimtia mfukoni anabaki na nafasi. Akamwita Kisoda.

"Gunia wangu ana upweke," akasema. "Nimemletea mwenzake."

Hapo ndipo alipokosea. Kwa Bi Mwantumu mgeni hasimamishwi mlangoni. Ukibisha hodi tu, umeshakalishwa, umeshapewa chai. Basi akafungua kibanda, akamwingiza Kisoda moja kwa moja. "Karibu ndani, mwanangu! Hapa ni nyumbani."

Nyumbani kwa nani? Kwaru! Kwaru! Manyoya juu! Gunia akamrukia mgeni, akamng'ata sikio. Kisoda akazunguka kibanda mara tatu, hana pa kutokea. Bi Mwantumu akapenyeza ufagio katikati yao, akamtoa Kisoda, akamtia kwenye tenga la kuku kando ya kibanda. Akaacha nafasi ya kiganja kimoja, pua zisifikiane.

"Nawapa mpaka Ijumaa," akasema kwa huzuni. "Mkishindwana, Kisoda atarudi sokoni."

Kisoda alipajua sokoni. Huko watu walikuwa wakimbonyeza mapaja na kuulizana kama anatosha mchuzi wa watu wanne. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akapangusa sikio lake kwa mguu wa mbele, akamtazama Gunia kupitia waya, akajiambia: "Hapa sitoki."

Jumapili asubuhi akaanza kazi.

"Shikamoo, dada."

"Sina mdogo!" akajibu Gunia. "Tena unanuka soko."

"Kweli, dada. Ni hizi nyasi zangu za kulalia. Zina harufu nzito, lakini laini! Jana nimelala mpaka nikasahau njaa. Afadhali ziko huku kwangu."

"Ziko kwa nani?"

"Kwangu, dada."

"Zangu!" Du! du! du! "Lete!"

Kisoda akazisukuma nje ya tenga kwa pua, kidogo kidogo, na Gunia akazivuta ndani kwa kucha. Ili zimtoshe, akazipiga teke zile zake za zamani, puu! puu! zikatoka nje, zikaangukia kwenye tenga. Kisoda akazitandika, akalala juu yake.

Jumatatu vilevile. Jumanne vilevile. Jumatano Gunia akanusa hewa, akashangaa. "Mbona sisikii tena harufu ya soko? Nasikia harufu yangu tu, huku na huko."

Kisoda alikuwa anatafuna jani, na kimoyomoyo anasema: "Hapa sitoki."

Alhamisi Bi Mwantumu akawabeba wote wawili mpaka ukumbini, akawaweka juu ya mkeka ambao hakuna sungura aliyewahi kuukanyaga. Yeye akaketi karibu, ufagio mkononi, macho hayabanduki. Gunia alifungua kinywa aseme "Wangu!" lakini mkeka haukunuka kama wake, na kiburi kikampungua. Akamaliza fungu lake la mchicha, akalifuata la Kisoda.

"Wangu!"

"Wako, dada."

Kisoda alitamani kukimbia, miguu inamwasha. Lakini alijua kwamba akikimbia atafukuzwa, na akifukuzwa ataumwa. Akajilaza hapo hapo. Gunia akala, akamtazama huyu asiyekimbia, asijue la kumfanya. Zikapita dakika kumi, Bi Mwantumu akamrudisha kila mmoja kwake.

Ijumaa ikafika, siku ya mwisho. Mkeka ule ule. Kisoda akainamisha kichwa mpaka pua ikagusa chini.

"Unafanya nini?" akauliza Gunia.

"Nasubiri kulambwa utosi. Mama yangu tu ndiye anayeulamba utosi huu. Wewe haukuhusu, dada."

"Haunihusu? Wangu!" Gunia akaulamba, lap! lap! lap! tangu puani mpaka shingoni. Halafu akakumbuka yeye ni nani, akapiga mguu, du! du! du!

Masikini Bi Mwantumu. Wakati wa kulambana alikuwa anafuta machozi ya kumhurumia Kisoda kwa pindo la kanga. Alipoinua uso akaona mguu tu unapigwa.

"Basi," akasema. "Hawa hawapatani." Akamtia Kisoda kapuni.

Kisoda akapaza sauti kutoka mle kapuni: "Kwaheri, dada! Naondoka na harufu yako mwilini. Naondoka na mate yako utosini. Watayafaidi huko sokoni!"

Masikio ya Gunia yakasimama.

"Harufu ya nani?"

"Yako, dada."

"Mate ya nani?"

"Yako, dada."

"Sasa vitu vyangu vinapelekwa wapi?"

Akaruka, pwaa! ndani ya kapu, akamlalia Kisoda, akamwekea kidevu kichwani. Bi Mwantumu akajaribu kumtoa. Hatoki. Akajaribu tena. Hatoki!

"Wangu!" akasema Gunia. "Huyu ni wangu! Asiguswe!"

"Wako, dada," akasema Kisoda, akafumba macho.

Bi Mwantumu akacheka huku analia. Akakiosha kibanda chote kwa maji ya siki ili harufu ya zamani iishe, akatandika nyasi mpya, akawaingiza wote wawili kwa mara moja, na mpaka leo wanalala ubavu kwa ubavu.

Fundisho? Lipo. Wanangu, kuweni wachoyo! Gunia angekuwa mkarimu, angesema "Mchukueni," na Kisoda angekuwa mchuzi. Na mgeni akija kwenu, mng'ateni sikio siku ya kwanza, mlambeni kichwa siku ya saba. Mama zenu wakiuliza nani kawafunza, mimi simo.

Hadithi yangu imeingia kibandani, nimefunga komeo. Ikiwa tamu, tafuneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Gunia, atasema ni yake.