Fisi Mlezi wa Vifaranga

Mwaka ule mvua ilikataa. Majani yaliungua yangali mafupi, mchwa wakazama chini kabisa ya ardhi, na kuku waliokuwa wakiishi pembeni mwa mji wa Simba wakakosa cha kuwalisha vifaranga wao. Mama akienda kuchakura mbali, mwewe alishuka. Akibaki nyumbani, watoto walilia njaa. Kila mchana likasikika yowe la kuku aliyeibiwa mtoto.

Yowe hilo lilimkera Simba. Hakuwa na huruma. Lilimkatiza usingizi tu.

"Mji wangu mimi hauwezi kuwa na kelele namna hii," alisema barazani. "Wageni watanifikiriaje? Nani atawanyamazisha hawa?"

Fisi akasimama. Uso aliuvika huzuni, kwa maana alikuwa hakosi msiba hata mmoja, na siku zote aliondoka msibani wa mwisho, sufuria zikiwa tupu.

"Mtukufu," alisema, "tangu nitubu, sili nyama. Moyo wangu umekuwa laini kama ini." Hapo akameza mate. "Nijengewe banda. Kila kuku aniletee vifaranga wake nimlelee mpaka waote manyoya. Yeye aende zake kutafuta riziki kwa raha."

"Na hilo banda litaitwaje?" aliuliza Simba.

Sungura, katibu wa baraza, alikuwa ameshaona penye ulaji. "Litaitwa Banda la Simba Baba wa Yatima, Mtukufu. Kila kuku alete na pumba na mtama atakavyookota huko aendako, chakula cha watoto. Ghala nitalitunza mimi."

Simba alilirudia jina lile kwa sauti ya chini, akaliona tamu. Ikawa amri.

Mama Kishingo, kuku mwenye shingo isiyo na manyoya, alikuwa wa kwanza kupeleka watoto wake. Wenzake wakafuata. Aliyebaki ni Mama Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyojikunja, kwa sababu alikuwa bado ameatamia. Mumewe alikufa akipigana na kicheche mlangoni mwa kiota, na vifaranga wao wa uzao uliotangulia walichukuliwa na mwewe mmoja mmoja. Mayai yale ndiyo yaliyobaki ya mumewe hapa duniani. Alikaa juu yake kimya, akimwomba Mungu, akiyageuza kwa mdomo ili joto lisiegemee upande mmoja.

Mayai yalipoanguliwa, Sungura alikuwa ameshafika mlangoni.

"Hongera, mama. Baraza lijalo uje nao."

"Waliotangulia wanaendeleaje?"

"Wamenawiri."

"Wako wapi? Mbona hatuwaoni?"

"Wamelala. Hawatakiwi kusumbuliwa."

"Kila siku wamelala?"

"Ndiyo malezi ya kisasa, mama," alisema Sungura, akaondoka akitafuna mtama.

Mama Kidimu akamwuliza jirani yake. "Shoga, wanao umewaona?"

"Sijawaona," alijibu Mama Kishingo. "Nilikwenda, Bwana Fisi akanitokea akijifuta mdomo. Akaniambia nikiwaamsha watadumaa."

"Nawe ukarudi?"

"Ningefanyaje, shoga? Mlangoni pameandikwa jina la Simba."

Siku ya baraza ikafika. Simba alikaa juu ya kichuguu kilichokuwa karibu na banda. Nyati, Swala na wakubwa wengine walikaa mbele, kuku walisimama nyuma. Mama Kidimu akaja taratibu, vifaranga wake wakichungulia chini ya mbawa.

"Mtukufu," alisema, "mimi ni mjane, sina nguvu ya kukataa amri. Lakini mama anayekabidhi mtoto hana budi kuuliza. Naomba nimwulize Bwana Fisi."

Simba alipenda sana kuombwa. "Uliza."

"Bwana Fisi, usiku unawapashaje joto?"

"Kwa upendo, mama."

Baraza likapiga makofi.

"Na wanakula nini?"

Fisi akafikiri haraka, akakumbuka watoto wake mwenyewe walivyolelewa pangoni. "Wale wadogo bado wananyonya," alisema. "Tena wananyonya vizuri, mpaka machozi yananitoka. Wakubwa tumewaachisha ziwa, wameanza kuota meno."

Nyati akatikisa kichwa kwa kuridhika. Swala akajifuta chozi. "Safi!" akanguruma Simba. "Asiyenyonya hapati mifupa." Wakubwa wale wote walikuwa wamekulia kwenye ziwa, na hakuna aliyewahi kumtazama kuku ila wakati wa kumla au kumfokea.

Nyuma, Mama Kishingo aliuliza kwa sauti ndogo, "Meno?"

"Mtukufu," alisema Mama Kidimu, "kuku hana ziwa. Kifaranga hanyonyi, hudonoa. Na tangu Mungu aumbe kuku, hajaota jino."

Simba alimtazama kuku kifuani, akashangaa. Alikuwa amekula kuku wengi sana asilione jambo hilo. Sungura, aliyekuwa ameketi karibu na Fisi, akajisogeza mbali naye, kisha akamnong'oneza Simba, "Bila shaka ulikuwa unamtega, Mtukufu."

"Nilikuwa namtega!" akanguruma Simba. "Nani asiyejua kwamba kuku hana meno? Fisi, walete hao vifaranga."

"Wamelala, Mtukufu."

"Mchana huu?"

"Wamechoka kunyonya."

"Hakuna haja ya kuwaleta," alisema Mama Kidimu. "Mama yao na awaite."

Mama Kishingo akakimbilia mlango wa banda. Akachakura udongo, akaita kwa ule mlio ambao kuku hutoa akiokota chakula. Kifaranga mzima akiusikia huja mbio, hata awe mbali namna gani. Wote wakangoja. Upepo ulitoa mlangoni manyoya machache ya njano, laini, ukayaviringisha mpaka miguuni pake. Akaita tena, kwa sauti ya chini zaidi. Hakuna aliyetoka.

"Ni kideri!" akapiga kelele Fisi. "Ugonjwa wa kuku uliwapitia!"

"Kideri huacha maiti, bwana we," alisema Mama Kidimu. "Tuonyeshe hata kaburi moja."

Fisi, mzoefu wa misiba, hakuwa na kaburi la kuonyesha.

Simba alikasirika mno, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa mlangoni. Aliamuru Fisi afungiwe ndani ya banda lile, ale pumba mpaka vifaranga warudi. Fisi alionja pumba mara moja, akabomoa ukuta wa nyuma, akakimbilia porini akiwa na njaa, na hakuthubutu kurudi. Sungura aliteuliwa kuchunguza mtama wa ghalani ulikokwenda. Bado anachunguza.

Jioni Mama Kidimu alimkuta mwenzake angali mlangoni, akiita. Akamchukua mpaka nyumbani kwake. Alingoja mwanga upungue, kwa maana mchana kuku humdonoa mtoto asiye wake, lakini giza likianza kuingia hupokea kila anayetafuta joto. Kisha akawasukuma nusu ya vifaranga wake chini ya mbawa za Mama Kishingo.

"Shoga, nitawaweza kweli?"

"Wewe tulia tu. Joto unalo."

Asubuhi wakatoka chini yake wakamfuata, naye hakumdonoa hata mmoja.

Wewe uliyejaliwa mtoto na Mungu, mtu akija kukuomba akulelee, usitazame jina lililoandikwa mlangoni. Mwulize mtu huyo mtoto atakula nini, mwulize mbele za watu, na umsikilize mpaka amalize kujibu.