Mtoto wa Miaka Minne Getini

Wapendwa, leo salamu zitakuwa fupi. Nimeamka na hasira, na nisipoitoa hapa madhabahuni nitaimalizia kwa mke wangu, ambaye hana kosa lolote.

Alikuwepo baba mmoja, katika mji wenye yale mabasi marefu ambayo hupandi bila kadi. Unafika kituoni, unagusisha kadi kwenye mashine, geti linafunguka, unapita. Mtoto ambaye hajafikia mstari mwekundu uliochorwa ukutani hupita bure. Akiuvuka, naye anatakiwa awe na kadi yake. Ndiyo sheria, na haina ugumu wowote.

Baba huyu alikuwa na binti wa miaka saba, yuko darasa la pili, mstari ameupita kwa kichwa kizima. Je, alikuwa maskini wa kushindwa kadi moja ya mtoto? Hapana. Alikuwa na kazi yake, suti mbili, na kiti chake cha mbele kanisani. Ila aliona kadi ya pili ni ujinga. Basi akamfundisha yule mtoto kutembea amekunja magoti ndani ya gauni refu. Na walifanya mazoezi sebuleni, jamani! Mama yuko jikoni anachambua mchele, huku baba anaelekeza: shuka kidogo, shuka tena, hapo hapo. Akampa na masharti. Mwenye sare akikuuliza umri, sema minne, kisha funga mdomo, maana tukijulikana watanikamata. Na ukishapita geti usigeuke nyuma, nenda moja kwa moja ukajichanganye na watu.

Mtoto alikuwa msikivu. Hilo ndilo linaloniuma mimi, kwamba alikuwa msikivu.

Siku moja walikuwa wanakwenda kununua viatu vya shule. Kituo kimefurika watu. Binti akakunja magoti, akapita, mlinzi hata hakumtazama. Baba akagusisha kadi yake, mashine ikawaka nyekundu. Salio limekwisha. Akarudi dirishani kuongeza, akijiambia kwamba ni dakika mbili tu. Binti naye hakugeuka nyuma, kama alivyofundishwa. Alijichanganya na watu, basi likaja, watu wakaingia, naye akaingia nao. Baba alipopita geti, pale pa kupandia palikuwa patupu.

Akamwendea mlinzi, akasema amepotelewa na mtoto wa kike wa miaka saba. Saba, ndugu zangu! Siku hiyo umri wa kweli ulimtoka wenyewe. Mlinzi akapiga simu vituo vyote, na baada ya muda jibu likaja: kituo cha mwisho yupo mtoto wa kike, hataki kutaja jina, anachosema ni kwamba ana miaka minne.

"Huyo si wako, mzee," mlinzi akamwambia. "Wako ni wa saba."

Neno moja tu lilitakiwa hapo. Lakini watu walikuwa wamemzunguka, na mlinzi yule ndiye ambaye yeye baba alikuwa akimdanganya kila wiki. Akaona aibu. Saa nzima alijifanya anatafuta vyooni na kwenye vibanda vya soda, na moyoni anajua kabisa mtoto wake yuko wapi. Ninyi mnaoguna huko nyuma, mngesema? Mna hakika?

Mwishowe akashindwa kuvumilia, akapanda basi hadi kituo cha mwisho. Akamkuta binti yake ofisini, kando ya mama mmoja mwenye sare. Mtoto hakumkimbilia. Alipomwona baba yake amesimama karibu na sare, alikunja magoti.

Yule mama aliliona hilo, akamtazama baba kuanzia viatu mpaka kichwani. "Watoto waliopotea huwa wanawarukia wazazi wao," akasema. "Huyu anakuogopa. Nitajuaje kama ni wako?"

Baba akamsihi amuulize umri, kwamba atasikia ni saba. Akaulizwa. Akasema minne. Baba akachuchumaa mbele yake, jasho linamtiririka, akamwambia, "Sema ukweli, mwanangu."

Mtoto akamwinamia sikioni, akanong'ona, lakini ofisi ilikuwa kimya na kila mtu alisikia. "Baba, nikisema watakukamata."

Ndipo alipokiri mbele ya watu wote, akilia, kwamba ni yeye aliyemfundisha. Mnadhani alikabidhiwa mtoto? Hakukabidhiwa. Yule mama alimwambia atoke nje, amwite mama mzazi aje, kwa kuwa neno lake yeye halitoshi tena. Akakaa kwenye benchi na suti yake mpaka mke wake alipofika na kumchukua binti. Na viatu havikununuliwa.

Sasa tuongee sisi. Tusijidanganye kwamba huyu alikuwa kibaka. Huyu anatoa sadaka, anaimba besi, anaomba kabla ya chakula. Ni sisi. Sisi tunaomtuma mtoto mlangoni akamwambie mgeni kwamba mama hayupo. Sisi tunaomchapa akitudanganya kuhusu sukari, halafu kesho tunamvalisha uongo wetu akauvae mbele za watu. Mungu ametupa watoto wanaotuamini kupita kiasi, na sisi imani hiyo tunaitumia kukwepa nauli. Nina hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hii.

Jumapili iliyopita niliwaita watoto hapa mbele, mtakumbuka, ili tuwapange madarasa. Nikawauliza umri wao mmoja mmoja. Watatu kati yao, kabla ya kunijibu, waligeuka kwanza wakawatazama wazazi wao. Majina ninayo. Sitayasoma.

Lakini wewe unajijua. Ulikuwa umekaa papo hapo ulipokaa leo. Mtoto wako alikuwa anatafuta nini usoni mwako?