Kwa Nini Pungu Hana Mkia

Zamani hizo, kabla hata bibi yake bibi yangu hajazaliwa, ndege hawakuwa wanaota manyoya yao kama mnavyowaona leo. Aliyefikia umri wa kuruka alipewa furushi: mbavu za mabawa, manyoya, vipande vya mkia na donge la utomvu wa kugandishia. Akaenda nalo kwake, akajiunda mwenyewe. Isipokuwa mkia. Mkia uko nyuma, na nani anauona mgongo wake? Basi mume alimfunga mkewe, na mke alimfunga mumewe. Kila masika utomvu ulilainika, mkia ukaanguka, ukafungwa upya. Na ole wako ukionekana umefungwa na mtu asiye wako! Kanga wangekusema mpaka masika mengine.

Pungu, huyu wa ukoo wa tai, alikuwa mke wa mtu, na mkia wake ulikuwa mpana kama ungo. Mwaka wa ukame mumewe alivuka uwanda kwenda kutafuta maji. Asubuhi ya safari Pungu alimkaza mkia mpaka bwana akaguna.

"Mama, unanifunga au unanikaba?"

"Nakufunga. Na huko uendako asiguse mtu fundo langu."

"Nikipata maji tu, narudi kukuchukua."

Hakurudi. Masika yakaja, mkia wa Pungu ukaanguka, naye akabaki anatembea kwa miguu, akiutazama uwanda. Bila mkia haruki, na bila kuruka hamfuati. Jioni alitandika majani mapya upande wa mumewe kiotani, asubuhi akayaondoa yakiwa hayajalaliwa.

Siku moja uvumilivu ulimwisha, akaenda kwa Bwana Fumbwe. Huyu Fumbwe, tuseme kweli, alikuwa na wake wengi na macho mengi zaidi.

"Shemeji," alisema Fumbwe, "mzuri kama wewe unatembea chini kama kuku? Geuka."

Akamchagulia nyoya refu kuliko yote, akalitazama zaidi ya alivyolifunga. Pungu akapaa, upepo ukaudaka ule mkia, ukamtupa kwenye miiba. Kanga walicheka mpaka wakakaa chini. Pungu aliung'oa akamrushia Fumbwe, naye Fumbwe hakuona haya, akauvaa. Anao mpaka leo, mrefu kuliko mwili wake, anawatembezea wanawake.

Pungu akamwendea Mbayuwayu.

"Shoga, nina haraka, udongo wangu unakauka," alisema Mbayuwayu, akaupasua mkia katikati, akabandika pande mbili, basi. Mkia huo ulikuwa mwepesi kugeuka kupita kiasi. Kila Pungu alipoelekea uwandani, alijikuta amerudi mlangoni kwake.

"Safari njema!" kanga walimpigia kelele. "Wasalimie wa nyumbani!"

Akaubandua akamwachia Mbayuwayu, ambaye aliupenda, maana alikuwa mtu wa kwenda na kurudi.

Pungu akajifungia ndani. Anguko halikumuuma, wala kicheko. Kilichomuuma ni wazo moja: masika yamefika na huko aliko mume wake. Mkia wake nao umeanguka. Nani ameufunga?

Ndipo alipochukua utomvu, akaupeleka mguu wake mgongoni hadi ulipokoma. Haukufika mbali. Alichoweza kukifikia akakibandika, kilichozidi akakikata. Ukabaki mkia mfupi kuliko vidole vyake mwenyewe.

Akaruka hivyo hivyo. Aliyumba kulia, akayumba kushoto, kama mlevi anayetoka harusini, lakini hakuanguka. Akauvuka uwanda wote, akafika kwenye maji, akamkuta Korongo amesimama.

"Babu, hujamwona mume wangu?"

"Ameondoka jana kukufuata wewe," Korongo alisema. "Mkia ulimwanguka. Mabinti wa hapa, na wazuri kweli, walijitolea kumfunga, akawakatalia wote. Tangu masika anaanguka, anainuka. Mwisho akajibandika kijipande mwenyewe, akaenda anayumba kama wewe."

Pungu akacheka na kulia kwa pamoja. "Amepita njia gani?"

"Mwanangu, anayeyumba ana njia? Alikwenda huku, akaenda na kule."

Hakuonja hata maji. Akapaa tena.

Na tangu siku hiyo pungu hana mkia wa kusema ni mkia, miguu yake inachungulia nyuma akiruka. Kutwa yuko juu ya uwanda, bawa moja chini, jingine juu, anatazama upande huu, anageuka anatazama ule. Mkimwona yuko peke yake msimwite mlevi. Tazameni ng'ambo ya kilima. Mara nyingi mwenzake yuko huko huko, naye anayumba, ila wakati huo ndipo amegeukia upande mwingine.