Nyati Aliyetaka Kuamkiwa

Hapo zamani za kale, zamani kweli kweli, wakati nyati wanafuga vitambi na hawaoni aibu, palikuwa na msitu wenye miti ya kila namna. Huku miyombo, kule misuku, bondeni mianzi imesongamana, na kando ya kijito mikuyu yenye kivuli kizuri. Katikati ya msitu huo alikaa mama mmoja aitwaye Sange, na mumewe, na watoto wao.

Sange mnamjua? Yule mnyama mdogo, ukubwa wa panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba. Akitulia utamhurumia. Akikimbia humwoni.

Mbio zake zilikuwa na siri, na siri yenyewe ni njia. Sange alikuwa na kijia chake kilichotoka mlangoni, kikazunguka mianzi, kikapita chini ya misuku hadi kijitoni, kisha kikarudi nyumbani kwa upande wa pili. Kila asubuhi, kabla hajaonja hata sisimizi mmoja, alikifagia. Faa, faa, faa. Jani hili kulia, kijiti hiki kushoto, mpaka ardhi inang'aa. Akimaliza, anawatoa watoto wakimbie mchakamchaka, wazoee kila kona.

Majirani walimtania. "Mama Kitinda, unafagia msitu? Si kesho majani yatadondoka tena?"

"Yadondoke," alijibu. "Mimi nafagia uhai wa wanangu."

Hakuwa anatia chumvi. Juu ya mninga mrefu alikaa Kipanga, na Kipanga akishuka hakuna maongezi, ni mbio tu. Anayekimbia kwenye njia safi anafika nyumbani. Anayekimbia kwenye majani na mashimo, basi tena.

Sasa, mkubwa wa msitu ule alikuwa Nyati. Nguvu alikuwa nazo, pembe alikuwa nazo, lakini kuna jambo moja lilimkera usiku na mchana: hakuamkiwa vya kutosha. Siku moja aliitisha baraza kijitoni, akawakaripia wanyama wadogo.

"Adabu mmeitupa wapi? Mnapita mbele ya wakubwa, pru, pru, kama mnapita mbele ya kisiki. Kuanzia leo, mdogo akikutana na mkubwa asimame, aamkie, aulize habari za nyumbani mpaka ziishe. Na mkubwa naye atasimama aitikie mpaka mwisho. Salamu si ya kurushiana kama mawe."

Wanyama wakakubali, baraza likavunjika. Hiyo amri msiisahau, maana tutaihitaji.

Haukupita muda mrefu, mke wa Nyati akamwambia mumewe ukweli wa nyumbani. "Baba Ndama, jana umeshindwa kuruka kijito. Umeanguka katikati kama gogo, na watoto wameona. Hicho kitambi kitafutie dawa."

Nyati aliona haya. Alimwendea rafiki yake Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, ambaye naye tumbo lilikuwa linamtangulia kila aendako, wakapatana wawe wanakimbia alfajiri. Walijaribu kwenye nyasi ndefu, miiba ikawachoma. Walijaribu kwenye mawe, kwato zikauma. Ndipo wakafika penye mianzi, wakakiona kijia cha Sange, cheupe, safi, hakina hata jani.

"Pofu, tazama," alisema Nyati. "Kuna mtu katufagilia."

Dudu, dudu, dudu! Wakakipita chote. Walipoondoka, kijia kilikuwa mashimo matupu, udongo umefumuka, majani yametapakaa. Sange akafagia upya, akafukia mashimo kwa pua na miguu. Kesho yake, dudu, dudu, dudu. Akafagia tena. Wakarudi tena.

Mpaka asubuhi moja Kipanga akashuka, vuuu, na Kitinda, mtoto wa mwisho wa Sange, alikuwa njiani peke yake. Kitinda alikimbia vizuri kama alivyofundishwa, lakini mguu ukaingia kwenye shimo la kwato, akabiringika. Kucha za Kipanga zilimkosa mwilini zikakata ncha ya mkia. Mtoto aliingia ndani akilia, mama yake akamkumbatia, akamfunga jani kwenye mkia. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na hasira.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Nyati.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani? Bibi hajambo? Na yule ndama aliyekuwa anakohoa?"

"Wote wazima. Ndama amepona kabisa." Nyati alisimama wima, uso umemkunjuka, akajibu moja baada ya moja bila haraka.

"Babu, nimekuja na ombi. Ile njia mnayokimbilia ndiyo inayowaokoa wanangu. Leo nusura nimpoteze mmoja. Nakuomba mkimbilie kwingine."

Nyati alitafuna majani yake kidogo. "Pole, mjukuu wangu. Lakini msitu ni wa wote. Na kusema kweli umefagia vizuri sana. Endelea hivyo hivyo."

Sange alirudi taratibu. Kupigana na Nyati hawezi, kumzuia hawezi, na kuhama atahamia wapi na watoto? Alikuwa bado anawaza hivyo alipokumbuka jinsi Nyati alivyosimama kuitikia salamu, hadi habari ya kikohozi cha ndama. Pua yake ikaanza kucheza. Hakwenda nyumbani. Alipinda kwa mama mkwe wake.

Huyo mama mkwe, Bibi Sange, alikuwa mzee kuliko karibu wote msituni, na maongezi aliyapenda kuliko chakula. Ukienda kumwona unaaga, unakaa, unaaga tena, unakaa tena.

"Mama," alisema Sange, "kesho alfajiri nakuomba ukapumzike pale penye mianzi. Kuna wageni wa kuzungumza nao."

"Wana nafasi hao? Watu wa siku hizi wana haraka."

"Watakuwa nayo, mama."

Alfajiri ikafika. Dudu, dudu, dudu, Nyati mbele, Pofu nyuma. Mlangoni kwa Sange wakamkuta amesimama katikati ya njia, mikono kifuani.

"Shikamoo babu Nyati. Shikamoo babu Pofu."

"Marahaba," wakaitikia, wakitaka kuendelea.

"Habari za nyumbani?"

Nyati akasimama. Amri ni yake. "Nzuri."

"Bibi hajambo? Ndama je, kikohozi hakijarudi? Alipewa dawa gani, babu, na mimi niijue?"

Wakasimuliana dawa mpaka ikaisha. Wakakimbia hatua chache, kwenye kona wakamkuta mume wa Sange. "Shikamooni wazee. Habari za kuamka? Habari za malisho?" Kona iliyofuata wamejipanga watoto, na kila mtoto na shikamoo yake. Kitinda alikuwa wa mwisho, mkia umefungwa jani.

"Shikamoo babu. Mbona unahema?"

"Marahaba. Nafanya mazoezi, mtoto."

"Ya kusimama?"

Pofu akakohoa akatazama pembeni. Jasho lilikuwa limempoa mgongoni, viungo vimeanza kukaza. "Mzee, tupite tu," alinong'ona.

"Niipite salamu, mimi niliyetoa amri? Watanionaje?"

Wakafika penye mianzi. Hapo alikaa Bibi Sange, amekunja miguu. Kwa kuwa bibi aliwazidi umri, ilibidi wao ndio waanze.

"Shikamoo, bibi," alisema Nyati.

"Marahaba, baba. Wewe ni mtoto wa nani vile?"

"Wa Nyati wa bondeni, bibi."

"Yule mwenye pembe moja imekatika? Ngoja nikuambie pembe ile ilivyokatika. Kaeni, msisimame, mnanitia kizunguzungu."

Wakakaa. Jua likapanda, umande ukakauka. Pembe ikakatika, baba yake Nyati akaoa, harusi ikala siku nyingi, na bibi bado hajafika hata kwenye magoti yake yanavyomsumbua. Walipoinuka, kitambi kilikuwa pale pale na migongo inauma.

Kesho yake ikawa vile vile, na siku iliyofuata. Hatimaye, jamani, msitu ukaona jambo ambalo haujawahi kuliona: nyati mzima ananyata kwa ncha za kwato, amejibanza nyuma ya mwanzi mmoja ili asionwe na sange.

"Nani huyo amejificha?" aliita Bibi Sange. "Si mtoto wa yule wa pembe? Njoo, jana sikumaliza."

Nyati akatoka, akaketi, akasikiliza magoti yote mawili.

Jioni alimwendea Sange mwenyewe. Baada ya salamu, ambazo zilikuwa ndefu, akasema kwa sauti ya chini, "Mjukuu, wewe ni mjuzi wa njia. Hakuna upande ambao... hauna watu?"

Sange akainamisha kichwa kama anayefikiri. "Upo mmoja, babu, lakini haukufai. Kule juu ya kilima, kwenye miyombo. Pana, tambarare, kivuli kipo. Ila hakai mtu. Utakimbia tangu mwanzo hadi mwisho bila kuambiwa hata shikamoo."

"Hata moja?"

"Hata moja, babu. Ndiyo maana naona vibaya kukupeleka."

Nyati alijitahidi sana asicheke. "Basi nitavumilia," alisema.

Tangu siku hiyo mashimo hayakuonekana tena kwenye kijia. Sange alifagia mara moja, na mara moja ikatosha. Kipanga alishuka tena, vuuu, akimtaka Kitinda yule yule, na Kitinda akapita kona ya mianzi, akapita misuku, akaingia mlangoni na mkia wake uliobaki. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini.

Huko kilimani, Pofu na Nyati walikuwa wanapumzika, matumbo yameanza kupungua.

"Mzee," alisema Pofu, "mimi naona kama kule chini tulifukuzwa."

Nyati akamtazama kwa mshangao. "Kufukuzwa na nani? Kule, ndugu yangu, tuliheshimiwa."

Hadithi yangu inakomea hapo, nanyi mkumbuke hili: anayelazimisha kuheshimiwa ataheshimiwa mpaka akimbie mwenyewe.