Mwenye Kitabu

Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwapo, na macho yangu si ya kuazima. Hata udi niliunusa.

Mtu mmoja alikuwa na kitabu kikubwa alichorithi kwa baba yake. Kilikuwa utenzi wa zamani, karatasi zake hazikujalidiwa, zimefungwa kwa uzi mafungu mafungu. Watu walikitaja kwa heshima na kukiogopa, maana lugha yake ni ya kale na mwisho wake ni mbali. Mtu huyo ni Chande. Kila Ijumaa alikiteremsha, akakifukiza udi, akakivika kitambaa safi, akakirudisha juu ya kabati. Kukisoma, hakuthubutu. Lakini kwenye kila shughuli alikalishwa mbele, kwa kuwa ndiye mwenye kitabu.

Alikuwa na dada yake, Mishi, mpika vitumbua, mwanamke mwenye mdomo. Siku moja Mishi akaomba fungu la kwanza. Chande akampa huku akicheka moyoni. Alijua atachoka kabla vitumbua havijaiva.

Kumbe Mishi alisoma. Neno likimshinda, aliuliza vikongwe; nao wakishindwa, aliliruka akaenda mbele. Akaja kuchukua fungu la pili, na la baada ya hilo. Akawa anasoma kwa sauti penye jiko lake, na wanunuzi wakasahau kwenda zao. Walipocheka, Chande alikisikia kicheko kutoka barazani kwake. Waliponyamaza, aliusikia ule ukimya, nao ulimchoma zaidi. Kitabu chake, utamu wao! Akaombea kuni zilowe, vitumbua viungue, dada yake akaukwe na sauti.

Basi Mishi alipokuja kuchukua fungu la mwisho, akanyimwa. Majirani wakamfuata Chande barazani.

"Usituue kwa kiu, bwana. Tusomee basi wewe mwenyewe!"

Hapo wivu ulimshika pabaya. Akasema ndiyo, Ijumaa, baada ya alasiri.

Alilifungua fungu lile peke yake. Herufi alizijua. Humo akamkuta mwanamke amesimama mlangoni, ameshika kiatu kimoja, na mji mzima unamcheka. Akasoma tena. Ni nani? Kiatu cha nani? Majibu yalikuwa kwenye mafungu ya nyuma, na mafungu ya nyuma yalikuwa kwa Mishi. Kuyadai ni kujianika, naye aibu ile hakuiweza.

Ijumaa watu wakajaa. Chande akaanza kusoma kwa sauti nzito, sauti ya baba yake hasa. Alipofika kwenye kile kiatu, wanawake wakaangua kilio na wanaume wakainamisha vichwa. Yeye peke yake hakujua wanalia nini. Akawatazama mmoja mmoja, akamwonea wivu kila mwenye chozi. Kitabu ni chake, na jicho lake kavu kama jiwe la kusagia. Angeweza kujikaza akasoma mpaka mwisho, wakampa mkono, akarudi kukaa mbele. Lakini ile kiu ilikuwa imeshamwingia. Akaweka karatasi chini, akamgeukia dada yake mbele ya watu wote.

"Mishi, huyu mwenye kiatu ni nani?"

Watu wakaungoja ule mdomo wa Mishi. Mishi akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akalitoa kwapani fungu la kwanza alilokuja nalo, limejaa madoa ya mafuta ya vitumbua, akamwekea kaka yake mapajani.

Nawe, hicho ulichokivika kitambaa ukakiweka juu ya kabati, kinaanzaje?

Sasa niseme kweli moja nisije nikalala nayo: udi nimeutia mimi, ili hadithi inukie. Ule wivu niliukuta palepale. Sikuuongeza hata chembe.